Mlenda ulioshusha lehemu yangu

Majibu ya maabara nimeyapata Jumanne. Lehemu (kolesteroli) mbaya, ile LDL, imeshuka kutoka 4.7 hadi 4.0 kwa miezi minne. Kwenye daladala nilikifungua kile kikaratasi mara tatu.

Nilimkumbuka shemeji yangu. Siku ya Pasaka aliniona nachota mlenda, akasema mbele ya wageni kwamba mjini hapa nimekosa nini hadi nile majani ya njaa. Nilinyamaza. Iliniuma, na bado inauma, maana mlenda ule mama aliuanika mwenyewe Dodoma, akanitumia kwa basi.

Aliyewahi kuchinja kuku akaipasua nyongo anaujua uchungu wake. Na sisi ini letu hutengeneza nyongo, na asidi zake zinatokana na lehemu. Ukila mafuta, nyongo humwagwa kwenye utumbo mwembamba ili yameng'enywe. Kazi ikiisha, mwili hautupi: karibu asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini. Hapo ndipo nyuzinyuzi zinapofanya kazi. Zile zinazoyeyuka kwenye maji huwa ute. Inua kijiko cha mlenda, au cha bamia, uutazame ule uzi unavyovutika bila kukatika. Ute wa namna hiyo huzinasa asidi za nyongo zikatoka na choo, na ini hulazimika kuchota lehemu kwenye damu litengeneze nyingine.

Kwa hiyo maharage, kunde, bamia, uji wa shayiri: kula unachokipata, ila kila siku. Dona ni nzuri, inalainisha choo, lakini nyongo hunaswa zaidi na vyenye ute. Anza kidogo kidogo na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi. Dawa za daktari usiziache. Chipsi za kila jioni nilizipunguza pia. Narudia: kila siku.

Ndugu zangu, tunakimbia vyakula vya mama zetu kwa kuogopa macho ya watu, halafu tunapanga foleni kupima damu. Acheni aibu hiyo. Mpikie mwanao kunde, mgeni akija mwandalie mlenda.

Dada aliyeniuliza mlenda mkavu unapikwaje: chemsha maji na nyanya, tia chumvi kidogo, nyunyiza unga wa mlenda taratibu huku unakoroga. Karanga za kusaga ziingie mwisho.