Re: Vidonge vya kutia kwenye chai ya mama mwenye kisukari vinaleta kansa?
Mkuu usimnyang'anye mama kidonge chake kisa hiyo voisi ya WhatsApp. Ni kweli 2023 shirika la WHO la utafiti wa kansa liliiweka aspatamu, kitamu cha badala ya sukari kwenye vidonge kama hivyo, kundi la "huenda inaleta kansa", ila kiwango cha juu kinachokubalika hakikushushwa, bado ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mtu wa kilo 70 anywe soda za dayeti makopo zaidi ya 9 kila siku ndo avuke, sasa nani huyo? Ila kama ni mtu asiye na kisukari anatumia ili apungue mwili hapo anajidanganya, WHO haohao mwaka uleule walishauri watu wasitumie vitamu hivyo kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Na mwangalie mama kwenye maandazi, bi mkubwa wangu chai haina sukari lakini anashushia manne 😂