Maswali Yenu: Huku filimbi, kule jaketi

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua ubao wa kujaza upepo, ule wa kupigia kasia huku umesimama. Juzi mlinzi wa ufukwe alinipigia filimbi nitoke ndani ya maboya ya waogeleaji. Nikatoka. Huko nje nikakutana na boti ya doria, wakanidai jaketi la kuokolea. Sasa mimi ni mwogeleaji au ni nahodha? – Mwenye Ubao

JIBU: Pole, lakini wote wawili walikuwa sahihi. Ubao wako unazidi mita tatu na chini una pezi. Ukianguka, na utaanguka, ubao huchomoka miguuni, na wimbi dogo tu linatosha kuupeleka kichwani kwa mtoto anayecheza kwenye maji ya kiunoni. Ndiyo maana ya ile filimbi.

Nje ya maboya mambo yanageuka. Marekani, kwa mfano, Walinzi wa Pwani waliamua mwaka 2008 kwamba nje ya maeneo ya kuogelea na ya kuteleza mawimbini, ubao wa kasia ni chombo cha majini, kama boti. Kila aliye juu yake awe na jaketi na filimbi, na taa akitoka usiku. Mtu mzima anaweza kulifunga jaketi ubaoni. Mtoto asiyetimiza miaka 13 lazima alivae. (Ruhusa hiyo ya kulifunga siipendi hata kidogo: ubao ukikutoroka, jaketi nalo limekwenda.) Kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo soma kibao cha ufukweni kabla hujashika pampu.

Usidhani unaonewa. Mbao hizi zilipoanza kukunjwa na kuingia begini, kila mtu akaingia majini, hata asiyejua kusoma upepo. Sheria zimefuata umati.

Na swali la upepo ndilo ungeniuliza kwanza. Ukivuma kutoka nchi kavu, maji ya karibu hutulia na kukushawishi uende, kumbe mwili wako uliosimama ni tanga. Kurudi ndiko kugumu. Baharini funga kamba ya ubao mguuni kila mara. Ukizidiwa, piga magoti, au lala kifudifudi upige maji kwa mikono. Ikishindikana, kaa juu ya ubao, puliza filimbi na kupunga kasia. Usiuache ukajaribu kuogelea hadi ufukweni, kwani ubao unaonekana kutoka mbali kuliko kichwa chako.