Pysa za Sayyid Barghash: ngozi au kutu?

SWALI: Nimerithi kwa marehemu bibi pysa mbili za Zanzibar, zile sarafu ndogo za shaba za Sultani Sayyid Barghash zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 Hijria. Moja imekuwa ya hudhurungi iliyokolea, na ukingoni ina zambarau na buluu. Ya pili ina madoa ya kijani. Muuzaji mmoja amesema zote zina kutu, nizisugue kwa ndimu na chumvi. Je, ni sawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tafadhali usizisugue. Ndimu na ukwaju hung'arisha sinia kwa sababu asidi huyeyusha tabaka la juu la shaba. Sarafu iliyotendewa hivyo hubaki na wekundu mkavu kama wa kidonda kibichi, na mkusanyaji mzoefu huutambua hata kabla hajaishika.

Ya kwanza, kwa maelezo yako, ni nzima. Shaba inapokaa miaka mingi mahali pakavu hujivika utando mwembamba wa oksaidi, yaani shaba iliyoungana na oksijeni ya hewani, ambao mimi huuita ngozi, na unene wake unapotofautiana kidogo tu, nuru inayoakisiwa hubadilika rangi. Ishike kwa ukingo, uiinamishe polepole chini ya taa moja: rangi zikipokezana bila mpaka mkali, zikapita juu ya herufi na vitanga vya mizani bila kuvifuta, basi uso haujaliwa. Shaka iingie pale rangi zinapokuwa kali kupita kiasi na kujikusanya ndani ya mikwaruzo, kwani wapo wanaozichoma sarafu au kuzipaka dawa ili zivutie.

Ya pili ndiyo yenye mashaka. Kijani kilichokoza, kigumu na chenye uso usioparuza, kwa kawaida ni kabonati ya shaba iliyotulia, nacho kinaweza kuachwa. Kijani cheupecheupe kinachopukutika kama unga, chenye vishimo chini yake, ni kazi ya kloraidi, itokanayo na chumvi, jambo lisiloshangaza kwa sarafu iliyozikwa ardhini au kukaa karibu na bahari. Unyevu ukiwapo, huendelea kuila shaba kutoka ndani. Jaribu kuchokoa doa moja kwa kijiti cha meno, bila kukandamiza. Likitoa unga, iloweke sarafu katika maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupooza mvuke, uyabadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, kisha uikaushe kabisa na kuihifadhi katika kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Vishimo havitafutika, ila ulaji utapungua.

Kuna kijani cha tatu, chenye kunata, kinachotokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Hicho huondoka kwa asetoni safi, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, ambayo haidhuru shaba. Itumie dirisha likiwa wazi na mbali na moto. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwani mara nyingi imechanganywa na manukato na mafuta.