Kutoka iPhone 13 kwenda iPhone 14: badilisha betri kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kuuza iPhone 13 yako ili ununue iPhone 14, kwa kuwa chaji huisha kabla hujatoka Kampala kurudi Mukono jioni. Kwa maoni yangu, usiiuze.

iPhone 14 ya kawaida, iliyotoka mwaka 2022, inatumia prosesa ileile ya A15 iliyomo katika simu yako, ikiwa imeongezewa uwezo kidogo wa kuchakata picha. Kioo ni cha inchi 6.1 vilevile, na hata tundu la chaji halikubadilika. Kamera yake hufanya vizuri zaidi gizani, lakini hilo silo linalokusumbua.

Fungua mipangilio ya betri uangalie uwezo uliobaki. Apple yenyewe inaeleza kuwa betri za matoleo hayo zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji. Yangu ilikuwa imefika 76, na fundi alipoifungua tuliikuta imevimba kiasi kwamba kioo kilikuwa kimeanza kuinuka pembeni. Nilibadilisha betri tu, na sasa natoka asubuhi bila pawabenki. Mwambie fundi mapema kwamba unataka betri halisi, maana ya kuigiza huifanya simu ionyeshe onyo.

Ikiwa bado una hamu ya simu mpya, ruka hiyo 14 uweke akiba ya iPhone 15, ambayo angalau inachajiwa kwa waya wa USB-C, sawa na simu nyingi za Android za hapa nyumbani.