Kwa nini "knife" ina k? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Shikamoo Mwalimu. Ile k ya "knife", "knee" na "know" ina kazi gani kama haitamkwi? Tunakatwa alama kwa herufi tusiyoisikia. – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Masasi

Marahaba, mwanangu. Kazi ilikuwa nayo. Zamani Waingereza waliitamka k hiyo waziwazi, na hata gh ya "knight" ilisikika, ikikaribia kh ya Kiarabu. Mtu wa mwaka 1400 alisema kitu kama "knikht". Kufikia karne ya 18 k ilikuwa imeshanyamaza midomoni, ila kwenye karatasi ilibaki. William Caxton alifungua mtambo wa kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, na wachapaji waliomfuata wakawazoesha wasomaji sura za maneno wakati matamshi yenyewe bado yanabadilika.

Irabu ndizo zilizohama mbali zaidi. Kabla ya mabadiliko yaliyochukua takriban miaka 300, kuanzia 1400 hivi, "name" ilitamkwa karibu na "naame", na "time" karibu na "tiime". Mtoto wa darasa la tatu anayesoma "time" kwa sauti za Kiswahili, darasa zima likamcheka, anakaribia kabisa namna Waingereza wenyewe walivyosema enzi hizo. Nawaomba walimu wenzangu wamwambie hivyo kwanza, ndipo wamsahihishe.

Sisi tumepona kwa sababu tahajia yetu ya herufi za Kirumi ni changa. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, alikuwa miongoni mwa walioweka utaratibu wa kutumia konsonanti kwa sauti za Kiingereza na irabu kwa sauti za Kiitaliano. Ndiye huyo huyo aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani wakaja kufanya makazi hapo kwenu Masasi mwaka 1876. Halafu mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia Kiswahili sanifu. Matamshi hayajapata muda wa kuziacha herufi nyuma.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nikiandika "receipt" naisahau p kila mara. Nani aliiweka? – Mtwara mjini

Wasomi waliiweka, ndugu yangu. Neno liliingia kutoka Kifaransa bila sauti ya p, na Waingereza wengi waliliandika hivyo hivyo. Wapenzi wa Kilatini wakataka asili yake ionekane, wakachomeka p kwa heshima ya "recepta". "Debt" ilipata b yake kwa "debitum", na "doubt" kwa "dubitare", ingawa zote mbili zilitoka Kifaransa bila b. Mdomo haukuwahi kuzifuata herufi hizo.

Kuna mahali walikosea kabisa. "Island" ni neno la Kiingereza cha kale lisilo na s. Watu wakadhani ni ndugu wa "insula" ya Kilatini, wakalitia s isiyo yake, na mpaka leo dunia nzima inaiandika. Kwa hiyo ukiisahau p yako, usijilaumu sana. Lakini mteja akikudai risiti ya Kiingereza, iandike.

Je, "dinosaur" ni Kiingereza? Na yule wa Tendaguru jina lake lina maana gani? – Lindi

Lilibuniwa na Mwingereza, Richard Owen, mwaka 1842, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kutisha" na "mjusi". Wa Tendaguru walichimbuliwa kati ya 1909 na 1913 na msafara wa Wajerumani. Jembe na sururu vilishikwa na watu wa huku huku, na mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Yule mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin aliitwa Brachiosaurus, yaani mjusi wa mkono, kwa kuwa miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, twiga jitu. Neno "giraffe" nalo lina asili ya Kiarabu, "zarafa".

Linalonifurahisha zaidi halisikiki sana: yupo mwingine aliyepewa jina mwaka 2000, Tendaguria tanzaniensis. Kilima chenu na nchi yetu vimo katika jina moja la kisayansi. Watoto wa Lindi walijue kabla ya kukariri majina ya dinosaria wa Marekani.

Mimi ni mtu mzima, nimekulia Nachingwea. Ni kweli Waingereza wana msemo kuhusu karanga zetu? – Nachingwea

Shikamoo mzee. Ni kweli. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea, ikajenga reli na gati ya Mtwara kwa ajili hiyo, na mwaka 1951 ikauacha mpango baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Tangu hapo, katika siasa zao, "groundnut scheme" ikawa namna ya kuutaja mradi wowote wa serikali uliomeza fedha bila mavuno. Reli iling'olewa, gati ikabaki, na leo inapakia korosho. Naona msemo huo unawaonea wakulima wa Nachingwea, maana kabla ya hapo walikuwa wakilima karanga zao kwa jembe la mkono na kuvuna vizuri.

Neno gani ukiliondolea herufi nne linatamkwa vilevile? – Newala

"Queue", yaani foleni. Ibakize q peke yake. Kwa Kifaransa, lilikotoka, maana yake ni mkia.

Alama & kwenye vibao vya maduka inasomwaje, na ilitoka wapi? – Mikindani

Inasomwa "and". Ni neno la Kilatini "et", maana yake "na", lililoandikwa haraka mpaka e na t zikaungana; kwenye baadhi ya chapa bado unaweza kuziona zote mbili ukiangalia vizuri. Jina lake, "ampersand", lilizaliwa darasani. Watoto wa Uingereza waliimba alfabeti, na baada ya z wakamalizia na alama hiyo kwa kusema "and per se and", yaani "na & yenyewe, ambayo ni 'and'". Waliimba haraka mno, maneno yakashikana, na kamusi za karne ya 19 zikayapokea kama neno moja.