Usipange upya kanuni za faiawoli kwa kutegemea pingi

Mkuu, usiguse hiyo faiawoli, hicho kichujio cha mawasiliano ya mtandao, usiku wa leo. Umesema una kanuni 180, unataka kuzipanga upya, unauliza NAT (ubadilishaji wa anwani za mtandao) ikae wapi, halafu utahakikisha kwa kupiga pingi (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kifaa kinafikika) toka kila idara. Hiyo pingi ndiyo iliyonimaliza.

Ilikuwa hoteli moja hapa Tanga, upande wa Raskazone. Waifai ya wageni ilikuwa 10.20.30.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 10.20.30. Nikaandika kanuni ya kuizuia isifike kwenye databezi ya mapokezi, poti 3306 (namba ya mlango wake), nikaiweka chini ya mstari unaoruhusu TCP yote (protokali inayotumiwa na databezi) kutoka 10.20.0.0/16, yaani kila anwani inayoanza na 10.20. Faiawoli ile husoma toka juu na kushika kanuni ya kwanza inayolingana. Ile /24 yote imo ndani ya /16, kwa hiyo mstari wangu haukuguswa na pakiti (kifurushi cha data) hata moja. Nikapiga pingi toka kwa wageni, ikagoma, nikafunga kazi. Kumbe pingi ni ICMP, protokali nyingine tofauti na TCP, ilizuiwa na mstari mwingine kabisa! TCP ikapita wiki saba, na nenosiri la databezi lilikuwa jepesi. Aliyegundua ni mgeni, akamfungulia meneja kompyuta yake: majina na namba za simu za wageni wenzake. Mkataba ulikufa siku ileile.

Mkufunzi wetu alituimbia kila kipindi kwamba pingi ikigoma, mlango umefungwa. Tulimlipa ada atudanganye. Hadi leo nikikumbuka nachemka.

Hesabu mwenyewe: anwani mbili za IPv4 (inakotoka na inakokwenda pakiti) biti 64, poti mbili biti 32, protokali biti 8. Jumla 104. Pakiti zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 104. Utapiga pingi ngapi?

Tafuta pakiti iliyokatazwa ila inapita, basi. Andika kila kanuni kama sharti la mantiki, na kanuni ya tano ifanye kazi pale tu ambapo nne za juu hazikulingana. Ukiruka hapo umerudi kwenye kosa langu. Kisha iulize Z3, programu ya kutatua masharti ya mantiki, ni ya bure: ipo pakiti inayotoka kwa wageni, inakwenda 3306, na inapitishwa? Ikiwepo, itakutajia anwani na poti. Ikisema haiwezekani, basi haimo katika zote, mradi kanuni umezinakili sawasawa. Nilipoziingiza zile za hoteli, pakiti ilitoka papo hapo.

Bandika kanuni zako hapa, ficha anwani za nje. Swali la kwanza nitakuandikia mimi.