Kabla Jino Halijatoka, Uliza Habari za Mfupa

Anayeumwa jino hana subira ya maswali. Anaingia kliniki kashika shavu, usiku hakulala, na kitu anachotaka ni kimoja tu: litoke. Namwelewa kabisa. Lakini kama jino lenyewe ni la mbele, au ni gego ambalo pengo lake ungependa siku moja lizibwe na jino la kupandikiza (la bandia, linalosimikwa ndani ya mfupa wa taya), kuna jambo la kuuliza kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu ukiliuliza mwaka ujao jibu litakuwa ghali zaidi: mfupa wa hapo utakuwaje?

Nilipitia hayo mwenyewe hapa Dodoma, kwa jino la mbele la juu lililopasuka mzizi. Tangu hapo walimu wenzangu na ndugu wa pande zote mbili wamenigeuza kuwa mtu wa kupigiwa simu kila fizi inapovimba. Mimi si daktari. Nawaandikia niliyouliza, niliyojibiwa, na niliyokwenda kuyasoma baadaye.

Tuanze na mfupa wenyewe. Sehemu ya taya inayolizunguka tundu la jino ipo kwa ajili ya jino. Damu yake kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye utando mwembamba unaoushikiza mzizi, na jino likitoka utando huo unakufa nalo. Basi mfupa unaanza kuyeyuka taratibu. Ukuta wa upande wa mdomo ndio unaopotea zaidi, maana kwenye meno ya mbele ya juu unene wake mara nyingi haufiki milimita 1. Utafiti mmoja unaotajwa sana, wa mwaka 2003, uliwafuatilia watu waliong'olewa magego na ukakuta upana wa taya mahali pa pengo umepungua kwa karibu nusu ndani ya miezi 12. Theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo maana mtu anayerudi baada ya mwaka akitaka jino la kupandikiza anaambiwa hakuna mahali pa kulisimamisha, na ajiandae kwa upasuaji wa kuongeza mfupa kwanza.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda iliniuliza kama nang'oa au sing'oi, basi. Ya pili nilipokewa na daktari kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Akaangalia eksirei, akaniuliza, "Mama, hili tukilitoa, pale unataka tuweke nini?"

Swali hilo ndilo linaloamua yote. Kama utavaa jino la bandia la kuvaa na kuvua, au ni gego la mwisho lisilohitaji mbadala, huna sababu ya kulipia mfupa. Kama ni daraja, yaani jino linaloshikiliwa na majirani zake wawili, kujaza mfupa kunaweza kusaidia kwa sura tu, hasa kwa mbele, ili fizi isibonyee ukaonekana kishimo juu ya jino kila ukicheka. Lakini kama unawaza kupandikiza, hapo mfupa ndio msingi na inafaa uzungumzwe siku hiyo hiyo ya kung'oa. Kwa magego ya juu kuna la ziada: juu yake kuna uwazi wa hewa unaopakana na pua, nao huteremka taratibu baada ya jino kutoka, ukizidi kula nafasi ya mfupa.

Sasa hicho kinachojazwa. Watu wanadhani daktari anakuwekea mfupa na kazi imeisha. Anachoweka ni chembechembe, mfano wa chumvi ya mawe iliyotwangwa, na hazigeuki kuwa taya lako zenyewe. Waliopita Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu ya hapa Dodoma, wameona mizabibu inavyotambazwa juu ya nguzo na nyaya. Chembechembe ni hizo nyaya, na mzabibu ni seli zako za mfupa na mishipa midogo ya damu inayopenya katikati yake. Mwili wako usipofanya kazi, nyaya zinabaki nyaya.

Aina ziko nne. Ya kwanza ni mfupa wako mwenyewe, unaokwanguliwa kidevuni au nyuma ya taya. Una seli hai, lakini wewe unaongezewa kidonda kingine na mfupa huo unayeyuka haraka, kwa hiyo kwa tundu la jino moja ni nadra mtu kuuhitaji. Ya pili inatoka kwa binadamu aliyefariki baada ya kuridhia kutoa viungo. Mfupa huo unapimwa magonjwa, unasafishwa na kukaushwa kwa baridi. Mama mkwe wangu aliposikia hilo alisema yeye hawezi kulala na mfupa wa marehemu mdomoni, na hakuna aliyembishia. Ya tatu inatoka kwa ng'ombe, na ndiyo iliyotafitiwa sana. Kila kitu cha mnyama kinaondolewa kwa joto na kemikali, yanabaki madini matupu. Sifa yake ni kwamba hauyeyuki upesi: baada ya miaka bado chembe zake zinaonekana kwenye eksirei. Hilo linalinda umbo, ila pia maana yake ni kwamba hapo pana mchanganyiko wa mfupa wako na chembe za kigeni, wala si mfupa wako mtupu.

Ya nne ni ya kutengenezwa kiwandani: madini ya kalisiamu na fosfeti, au vioo maalumu vinavyokubaliana na mfupa. Mengine humezwa na mwili kwa miezi, mengine hukaa muda mrefu. Hata plasta ileile ya kufungia mkono uliovunjika imewahi kutumika. Mjerumani Dreesmann aliandika habari za kujazia mashimo ya mfupa kwa plasta mwaka 1892. Shida yake inayeyuka kwa wiki chache, kabla mfupa haujajaa.

Utasikia pia habari ya damu yako kuzungushwa kwenye mashine mpaka linapatikana donge laini la njano, ambalo linashindiliwa tunduni. Njia hiyo ilianzia Ufaransa mwaka 2001. Ni damu yako, haina hofu ya kukataliwa na mwili, na inasaidia fizi kupona. Peke yake lakini si mbadala kamili wa chembechembe pale ukuta wa mfupa ulipokwishavunjika.

Juu ya chembechembe hufunikwa utando ili fizi isikimbilie kuota ndani ya tundu kabla ya mfupa. Hapa ndipo mahali ambapo Waislamu, na Wasabato pia, wanapaswa kufungua masikio. Utando unaotumika mara nyingi ni wa kolajeni (aina ya protini) ya nguruwe. Daktari anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa "mfupa ni wa ng'ombe" bila kugusia utando, kwa kuwa wewe umeuliza mfupa tu. Shemeji yangu, anayeswali swala tano, aliuliza vyote viwili. Akaambiwa utando upo wa ng'ombe, na upo wa plastiki maalumu ambao hutolewa baada ya wiki chache. Kisha akauliza huyo ng'ombe kachinjwa na nani. Daktari akacheka, akasema, "Kaka, hilo siwezi kukuapia." Shemeji akachagua vya kiwandani, utando na chembechembe, na roho yake ikatulia. Kama una swali la dini, lipeleke kwa sheikh au mchungaji wako kabla ya siku ya miadi. Ukishalala kwenye kiti taa ikiwa usoni umechelewa.

Sasa niseme kitu ambacho muuza vifaa hatakwambia. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kujaza tundu kunapunguza upotevu wa mfupa, hakuuzuii wote. Wastani wa kinachookolewa ni milimita moja na ushee kwa upana, na karibu hivyohivyo kwa kimo. Kwenye taya, milimita moja si mchezo, inaweza kuamua kama jino litapandikizwa bila upasuaji mwingine. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba aina fulani inazishinda zote. Kwa hiyo ukiambiwa hii ya bei ya juu ndiyo pekee inayofanya kazi, uliza kwa upole kwa nini. Mimi naona mkono wa daktari una uzito kuliko kopo la unga: anayetoa jino polepole, akikata mizizi ya gego moja moja badala ya kulitikisa mpaka ukuta uvunjike, ameshakuokolea mfupa kabla hajafungua kitu chochote.

Mweleze pia hali yako bila kuficha. Kisukari kisichodhibitiwa na tumbaku huharibu uponaji, na kwa tumbaku nahesabu ugoro, ambao wazee wetu wengi hawauiti uvutaji. Kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti, au sindano za aina hiyo zinazotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani, sema kabla ya kung'olewa, maana zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone. Na kama kuna usaha mwingi, daktari anaweza kusafisha na kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa kujaza. Huyo hajakuzungusha.

Baada ya kujaziwa, siku za mwanzo usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usiguse nyuzi za mshono kwa ulimi (rahisi kusema). Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto. Hapa Dodoma tuna bahati, mlenda unateleza wenyewe. Bisi na karanga ziache. Chembe mbili tatu zikitoka mdomoni kama mchanga usishtuke. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, uvimbe mpya au harufu mbaya, rudi kliniki. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, halafu unasubiri miezi 4 hadi 6 kabla ya kupandikiza. Kwa sababu ya marudio hayo siwashauri watu kukimbilia Dar es Salaam kung'oa tu kwa vile treni ya umeme imerahisisha safari. Kama jino litapandikizwa huko, sawa, mpango wote uwe huko. Kama hapana, tafuta daktari unayeweza kumfikia jioni fizi ikivuja damu.

Pesa: usidhani bima italipa. Omba makadirio yaliyoandikwa, yakitenganisha kung'oa, chembechembe, utando na kupandikiza, kisha uyapeleke bima kabla ya siku yenyewe. Omba pia kuona kifungashio kikiwa hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi isomeke. Vifaa hivi ni vifaa tiba, viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vingi huja na stika zenye namba ya toleo; moja ibandikwe kwenye faili lako, nyingine piga picha uitunze kwenye simu.

Na kama makadirio yamekushinda, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu. Muombe ang'oe kwa kulinda ukuta wa mfupa, kisha mpange urudi wiki ya nne hadi ya nane apime. Kwa baadhi ya watu mfupa uliobaki wakati huo bado unatosha kupandikizwa jino, na kama unahitaji nyongeza, inawekwa siku hiyo hiyo. Ukienda na nia hiyo, usiisukume mpaka msimu ujao wa zabibu.